Pikipiki Sebuleni

Queensburgh, Durban
Ijumaa, 5 Septemba

Kwako Yaya Sesilia, wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu Libère,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako hapo Katuba. Natumaini barua hii inakukuta mzima, presha imeshuka, na magoti yanakufikisha kanisani bila kushikwa mkono. Mjukuu wako ameanza kutembea? Na kuku, ule ugonjwa wa wakati wa baridi uliwaacha wangapi? Najua Lubumbashi sasa ni vumbi jekundu kila mahali na joto linaanza kupanda. Kunywa maji mengi, na usikae juani ukingoja mvua. Sisi huku tunaendelea, na nitakueleza tunaendeleaje.

Anayekuletea barua ni Papy, yule anayepeleka nguo na simu kwa basi kati ya huku na huko. Tunasali naye, ni mtu mwaminifu. Mpe maji ya kunywa, kisha ukae usome taratibu.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati tunapigiana simu kila Jumapili. Ukweli, Yaya, ni kwamba kwenye simu wewe huongea na mimi huitikia. Ndivyo tulivyozoeana tangu uliponipokea kama bibi arusi wa mdogo wako. Ukimaliza kuniuliza kama Libère amekula, unaniagiza nimwekee simu sikioni umwombee, na ukisema amina unakata. Sijapata kufika mwisho wa habari yoyote. Kwenye karatasi nitafika.

Nianze na yale unayoyajua. Unajua kwamba mwezi wa nne Libère alianguka kazini, kule kwenye kiwanda cha samani Mobeni, akiwa amesimama kati ya vijana wake akiwagombeza kwa sababu ya meza iliyopasuka. Damu ilikuwa imeganda kichwani. Upande wa kulia wote ulikufa, mkono na mguu, na ulimi ukafa pamoja nao. Daktari alinieleza kwamba akili iko, masikio yako, anaelewa kila neno, ila njia ya kutolea maneno ndiyo imeziba. Nilipokupigia kukuambia, ulilia sana, na ulipopata sauti uliniuliza nilikuwa nimempikia nini siku hiyo.

Kitanda chake nilikiweka sebuleni, maana chumba cha kulala hakipitishi kiti cha magurudumu. Kila asubuhi namwosha, namgeuza, namvalisha nepi, namlisha uji kwa kijiko, kisha napanda taxi kwenda salon mjini. Jirani anamchungulia mchana. Jioni narudi naanza upya. Hayo nilikuambia kwa simu, na wewe ukasema Mungu ataniona. Sasa nitakuambia yale ambayo sikukuambia.

Mwezi wa tano niliuza gari lake.

Unalijua lile gari, alikutumia picha zake kila alipoliosha. Mnunuzi alitaka sahihi ya mwenye gari. Nilimshika Libère mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, nikamwekea kalamu kati ya vidole na kuuongoza juu ya karatasi. Alijaribu kuurudisha. Zamani asingeshindwa na mkono wangu, lakini sasa alishindwa. Nilikisogeza kiti chake mpaka dirishani ili aone linavyotolewa getini, na nilimfungulia pazia vizuri lisimzuie. Niliangalia uso wake, sikuangalia gari.

Ni gari lile lile la vidole vyangu, Yaya. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na kidogo. Nilichelewa salon kwa sababu ya maharusi waliotaka kusuka wote siku moja. Alinifuata kwa gari mjini, na tulipofika nyumbani, nikiwa nimeshika ukingo wa mlango ili nishuke, aliuvuta akaufunga. Kisha akaufungua, akaangalia, akaufunga tena. Nilikupigia kutoka hospitali nikiwa bado na bandeji. Uliniuliza nilirudi saa ngapi.

Ndipo nikanunua pikipiki.

Najua umesoma mstari huo mara mbili. Ndiyo, pikipiki, mpya, haijawahi kukaliwa na mtu, nyeupe na bluu, ndefu kama mbuzi dume aliyesimama. Si zile za kubebea abiria huko kwetu. Hii ni ya njia mbili: kwenye lami inakwenda na ina namba na taa zake zote kisheria, na ukiiacha lami ukaingia kwenye mawe, mchanga na matope, inakwenda vilevile. Matairi yake yana meno. Kiti kiko juu, nikisimama nayo ni vidole vya miguu tu vinavyogusa chini.

Aliyenitia moyo ni Nyanchama, mteja wangu, Mkenya anayefundisha chuoni. Anakaa mtaa wa juu hapa hapa Queensburgh na mumewe Josiah. Wote wawili wana pikipiki za namna hiyo, na wana kikundi chao kinachopanda milima ya Drakensberg hadi Lesotho, kwa barabara ya changarawe inayojikunja kunja mpaka mawinguni. Siku moja nikimsuka alinionyesha picha kwenye simu yake, nami nikamwambia, bila kufikiri, kwamba zamani nilikuwa naendesha. Aligeuka ghafla mpaka rasta ikanitoka mkononi. Aliniuliza nilijifunzia wapi. Nikamwambia kwa baba yangu.

Wewe unalijua hilo, ila tulikuwa hatulisemi. Marehemu baba alikuwa mtu wa chanjo, alizunguka vijiji vya barabara ya Kasenga na boksi la barafu limefungwa nyuma ya pikipiki ya idara ya afya. Alipostaafu aliinunua, na mimi nikiwa bado msichana wa shule aliniweka mbele yake akanifundisha. Alipokufa aliniachia mimi, si kaka zangu. Libère aliiuza kabla arusi yetu haijatimiza mwezi. Alisema mwanamke wake hatapanua miguu mbele ya mji mzima. Aliyeinunua alikuwa mumeo, Mungu amrehemu, na mwaka ule wote kabla hatujaondoka Kongo nilikuwa naiona ikipita mbele ya nyumba yetu, na wewe, Yaya, umekaa nyuma na mkoba wako mapajani. Ulikuwa unanipungia mkono. Sikukuuliza kitu wakati ule na sikuulizi sasa.

Nilipoileta hii nyumbani ilikuwa mwezi wa sita, baridi imeanza. Nyanchama alinikataza kabisa kufikiria milima. Huku mwaka umekatwa vipande vinne, na kipande hiki cha baridi ndicho kibaya. Durban yenyewe si kitu, sweta linatosha, lakini kule juu theluji inaanguka na barabara inageuka kioo cha barafu. Kikundi chao hakipandi mpaka majira ya kuchipua, Septemba, majani yanapotoka. Aliniambia nitumie miezi hiyo kujifunza upya, nipate leseni ya mwanafunzi, nianguke chini huku bondeni ambako kuanguka hakuui. Kwa hiyo nilikuwa na pikipiki mpya na sikuwa na pa kwenda nayo. Nilikuwa na kusubiri tu.

Uani wezi wangeichukua siku ya kwanza. Nikaiingiza ndani. Sebuleni hakukuwa na nafasi nyingine ila mbele ya kitanda cha Libère, miguuni kwake, kati yake na televisheni. Naapa kwamba siku ile nilifikiria wezi tu.

Lakini jioni ile niliona anavyoiangalia. Unakumbuka macho yake akikasirika, yanavyokuwa madogo. Yalikuwa madogo hivyo, na hakuna kilichofuata. Hakuna kofi, hakuna ufunguo uliogeuzwa mlangoni. Macho tu, na mate yanamtoka upande mmoja wa mdomo. Nilisimama pale na kijiko cha uji mkononi, nikahisi kitu kikifunguka kifuani kwangu, kitamu. Sitaki kukudanganya kwa kukitafutia jina lingine.

Tangu siku hiyo nikajiwekea desturi. Nikimaliza kumlisha, sikumfuta mdomo kwanza. Nilichukua kitambaa kisafi nikafuta pikipiki. Tangi, taa, mnyororo, chujio, taratibu, huku namweleza kila kifaa kinafanya nini. Kisha kwa kitambaa hicho hicho, chenye harufu ya oili, nikamfuta yeye. Nikifungua dirisha niliwasha injini humo humo ndani, nikaiacha ingurume mpaka glasi za kabatini zinalia. Anafumba macho. Nangoja ayafumbue ndipo naizima. Baadaye nilianza kumsimulia safari ambazo sijazifanya: jinsi nitakavyopita Howick, jinsi nitakavyoiacha lami, jinsi nitakavyolala kule juu kwenye nyumba ya wageni bila mtu duniani kujua niko chumba gani. Alipenda kujua niko wapi, unakumbuka. Alikuwa akinipigia salon kila saa, na wasichana wangu walijua kwamba simu ile haisubiri mteja amalizwe.

Mwisho wa wiki nilikwenda kujifunza. Josiah alinionyesha njia za vumbi kando ya mto, na mashamba ya miwa nje ya mji ambako hakuna robot, yaani taa za barabarani, wala taxi za kukupigia honi. Shida yangu ilikuwa klachi. Inavutwa kwa mkono wa kushoto, na vile vidole viwili havikunjiki. Fundi wa duka nilikoinunua alinipunguzia kile kishikio cha klachi kikawa kifupi, nikakivuta kwa vidole viwili vilivyobaki. Alipouliza ni ajali gani, nilimwambia mlango wa gari. Akasema eish, pole mama, milango ya magari ya siku hizi ni mizito. Nilianguka mara nyingi. Nilirudi na magoti ya zambarau, nikavua suruali mbele ya Libère ili ayaone, maana si yeye aliyeyaumiza.

Mama Marie-Jeanne, mke wa mchungaji, ndiye aliyethubutu kusema. Walikuja kina mama wa maombi, wakalazimika kuizunguka pikipiki wakiwa wameshikana mikono, mmoja akaunguza sketi yake ya kitenge kwenye bomba la moshi kwa sababu nilikuwa nimetoka tu kuizima. Walipoondoka alibaki nyuma. Aliniambia kwa upole kwamba mgonjwa anahitaji utulivu, na kwamba watu wanasema mumeo hajafa na wewe umeshaanza matanga kwa furaha. Nikamjibu kwamba watu wale wale walikuwa wanakaa kiti cha mbele kanisani nilipokuja na miwani ya jua ndani ya ibada. Akasema, "Mama Félicité, nilijua. Lakini sasa yeye hawezi kujitetea." Nikamwambia ndiyo, hiyo ndiyo tofauti. Hajarudi tena.

Mwezi wa saba hospitali walimpa mtu wa mazoezi, binti wa Kizulu, mpole, anayefika nyumbani. Ni yeye aliyeanza kusema kwamba Libère anarudi. Dole gumba la mguu lilitikisika. Siku nyingine alikaa bila kuegemezwa. Binti alifurahi kama ni baba yake, akasema nimemtunza vizuri, ngozi haina kidonda hata kimoja, wake wengi wanashindwa. Ni kweli, Yaya. Hana kidonda hata kimoja. Nataka ulijue hilo utakapoifunua shuka.

Na ulimi ukarudi. Nilikuwa nimechuchumaa nikipaka mnyororo oili, mgongo wangu kwake, nikasikia sauti nyuma yangu, nene, kama ya mtu anayeongea ndani ya debe. Nilidhani ni redio ya jirani. Nikageuka. Alikuwa ameinua mkono wa kushoto, amenyoosha kidole kuelekea pikipiki. Akasema, "Uza."

Miezi yote ile ya kumwombea, Yaya, makanisa mawili, wewe kwenye simu, na neno la kwanza lilikuwa hilo. Si jina langu. Si maji. Nilimwendea karibu nikamwuliza amesemaje, nikitumaini masikio yangu yamekosea. Akarudia. Alikuwa ananiamuru. Amelala ndani ya nepi niliyomfunga mimi, na ananiamuru. Ningeweza kucheka, lakini mwili wangu ulikuwa tayari umerudi nyuma hatua moja na mkono umefunika uso. Ndicho kilichoniumiza kuliko vyote, kwamba mwili wangu bado ulimtii.

Sikumwambia mtu kwamba ameongea. Hata wewe. Jumapili ile ulipomwomba Mungu amfungue kinywa, nilikuwa nimeshika simu sikioni kwake na kidole changu kimefunika kipaza sauti.

Sasa nafika kwenye siku ambayo kwayo naandika barua hii.

Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Agosti. Kulikuwa na jua, nikamtoa nje kwenye kiti cha magurudumu, nikamweka chini ya mparachichi uani. Nikaifunga breki ya kiti. Nilimwambia nazunguka kidogo tu, narudi. Nyanchama alikuwa ananingoja barabarani. Tulikwenda kwenye miwa. Pikipiki siku ile ilinikubali, Yaya, kwa mara ya kwanza sikuifikiria klachi. Nilisimama juu ya vikanyagio kama baba alivyonifundisha, nikaachia magoti yalegee, nikapita kwenye mchanga bila kuyumba. Upepo wa kusini ukabadilika. Mawingu yakaja kutoka baharini. Nyanchama alisimama akasema mvua ya baridi inakuja, turudi. Nikamwambia atangulie.

Sikuwa nimesahau. Watakuambia nilisahau, kwa sababu ndivyo nilivyowaambia hospitali. Nilizima injini nikavua kofia ngumu, nikakaa kwenye kibanda cha wakata miwa na kuisikiliza mvua ikipiga mabati. Nilijua ameketi wapi. Nilijua kwamba mparachichi ule una majani machache upande wa ukuta. Nilijua jirani amekwenda mazishini. Nilijua kwamba sasa anaweza kuita neno moja, na kwamba neno hilo halimleti mtu. Nilingoja mvua iishe, na ilipoisha nikangoja tena.

Nilipofika nyumbani jioni, kichwa chake kilikuwa kimeangukia kifuani, midomo imekuwa ya rangi ya jivu, maji yamejaa mapajani mwake kama kwenye sahani. Alikuwa anatetemeka upande mmoja tu. Aliinua macho. Nilitegemea yale madogo. Yalikuwa makubwa, Yaya, makubwa kabisa, na niliyatambua mara moja kwa sababu nimeyaona miaka mingi kwenye kioo cha bafu langu. Alikuwa ananiogopa.

Nami nikasimama pale na kofia mkononi, sikumkimbilia. Nilitaka kuyaangalia zaidi.

Mapafu yalijaa maji. Ile wiki niliyokuambia kwamba wamemlaza kwa vipimo tu, alikuwa na mpira wa hewa puani. Nesi aliniletea kiti na chai, akaniambia nisijilaumu. Amepona. Mtu wa mazoezi anasema akiendelea hivi, kabla ya Noeli atatembea na fimbo, na maneno yatarudi mengi.

Kinachoniogopesha mimi ni kingine. Siku aliporudishwa nyumbani, nilipokuwa namlaza, nilijikuta naangalia angani dirishani kama kuna mawingu.

Yaya, nimevumilia maisha yangu yote kuwa mtu anayepigwa, na nilidhani kwamba mtu wa namna hiyo na mtu apigaye ni watu wawili mbalimbali, waliozaliwa hivyo. Sasa ninajua ladha yake. Ninajua kwa nini aliufunga mlango mara ya pili. Mara ya kwanza labda ilikuwa hasira, lakini ya pili alikuwa ameshaona uso wangu na akautaka tena. Nisingelijua hilo kama nisingekaa kwenye kile kibanda. Akibaki hapa atapona na kuanza upya na mimi, au mimi nitammaliza kabla hajapona, na nitafanya hivyo polepole, kwa kijiko, bila kidonda hata kimoja, na kanisa litaniita mke mwema.

Mwezi wa tano, nilipokuambia kwamba nimechoka, ulisema kwa hasira kwamba kama mdogo wako amenishinda nikurudishie, wewe ndiye uliyemlea, mama yenu alipokufa, na hujawahi kumwona ni mzigo. Hukudhani kwamba nitasikia. Nilisikia.

Libère yuko nje, Yaya. Yuko kwenye taksi mbele ya geti lako. Papy amekuja naye kwa basi tangu Durban, na nimemwagiza asimshushe mpaka umalize kusoma. Usimgombeze Papy, nilimwambia wewe ndiye uliyeomba mdogo wako arudi nyumbani, na kwa namna fulani sikumdanganya. Najua basi ni safari mbaya kwa mtu mzima, sembuse kwake. Ningeweza kungoja nimtafutie ndege. Sikujiamini kungoja.

Nilimwuliza jana kama anataka kuja kwako. Akasema, "Hapana." Limekuwa neno lake la pili. Nikamwambia kwamba mimi pia niliwahi kulisema, ndani ya nyumba hii, kwa sauti iliyofika kwa majirani. Nikaendelea kukunja nguo zake.

Kwenye mfuko mweusi mna dawa zake, kila moja na maelezo yake. Ile ya damu asiikose. Uji uwe mwepesi, akinywa chochote akae wima, la sivyo kitaingia mapafuni. Bukari na chakula kingine kigumu usimpe bado, hata akilia. Mgeuze asubuhi, mchana na jioni. Mazoezi ya mguu nimekuandikia, tafuta mtu Hospitali ya Sendwe aendelee naye, maana atapona, na ni haki yako umwone akitembea. Atakapopata maneno atakueleza mambo yangu. Mengi yatakuwa kweli.

Jambo moja zaidi. Jioni anashikwa na hofu, sijui anaona nini. Usimwashie redio. Mwekee mkono begani na ukae naye kidogo, anatulia. Lakini liwe bega la kushoto, hilo ndilo linalosikia. Mimi, kina mama wa maombi walipokuwepo, nilikuwa namshika la kulia.

Hapa majani yametoka. Nyanchama anasema barabara ya milimani imefunguka, na kesho alfajiri tunaondoka. Nyumba hii nimeirudisha kwa mwenyewe aliyetupangisha. Usinipigie Jumapili, namba hii haitakuwa yangu.

Nisalimie mjukuu, nisalimie majirani wa Katuba wanaonikumbuka, na ukifika makaburini mwambie mama mkwe nilikuwa namwombea. Bwana akulinde, akupe nguvu za mikono. Sasa mfungulie geti.

Ni mimi niliyekuwa wifi yako,
Félicité